Mafundi wa umeme wa magari Malindi, mnatuharibia magari na pesa mnachukua!

Wadau, nimenyamaza vya kutosha. Gari yangu ni MGB ya 1971, ile gari ndogo ya michezo ya Uingereza, injini yake haina neno. Iliingia gereji moja hapa mjini ikafunguliwa yote ili ipigwe rangi. Nyaya ziking'olewa, hakuna hata mmoja uliofungwa kipande cha tepu chenye alama. Kurudisha ikawa ni kubahatisha.

Sasa ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za nyuma nazo zinapepesa. Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka kwa mbali. Pampu ya petroli inalia tik-tik kidogo, kisha kimya. Fundi akaniambia, "Mzee, altaneta imekufa," yaani ile inayochaji betri. Nikanunua. Halafu ikawa flasha, kile kidude kinachopepesa indiketa. Halafu betri, na gari hii ina mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa kutoa 12, kwa hiyo nikanunulishwa zote mbili! Hakuna kilichobadilika.

Jamani, taa zikianza kuchezeana hivyo, cha kwanza kutazamwa ni athi, ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi betri. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, unapitia taa ya jirani. Hawa wamepiga praima na rangi juu ya kila pahali pa kufunga waya mweusi, wakakaza skrubu juu yake. Rangi haipitishi umeme! Kupakwangua mpaka chuma king'ae, ukakaza, ukapaka grisi, ni kazi ya dakika chache. Kupima nako si uganga: taa iwe inawaka, ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kikombe cha taa, pale balbu inapokaa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Lakini mita sikuiona pale. Wana testa ya balbu tu, na balbu ile ndogo itawaka hata kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima.

Kilichonichoma roho zaidi ni rangi za nyaya. Gari za Uingereza za enzi zile zina mpango unaoeleweka. Kahawia unatoka kwenye betri bila fyuzi. Mweupe unapata moto ukifungua swichi ya ufunguo. Kijani umeshapita kwenye fyuzi baada ya swichi, zambarau una fyuzi ila una moto saa zote. Mwekundu taa ndogo, buluu taa kubwa, mweusi athi. Kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, wenye mstari mweupe ni ya kulia. Aliye na ramani ya nyaya anaufuata waya toka dashibodi hadi buti bila kuuliza mtu. Wao wamekata vipande kwa vipande wakaunga waya mwekundu mtupu gari zima! Tena viungo vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, shaba ya namna hiyo inageuka unga wa kijani.

Na fyuzi, wallahi nilitetemeka. Pahali pa fyuzi ya ampea 35 nimekuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Siku ikipiga shoti, kitakachoungua ni gari na aliyemo ndani.

Nimerudi kuwauliza, jibu lao: "Gari za zamani ndivyo zilivyo." Sivyo hata kidogo! Kabla haijafunguliwa taa zote zilikuwa zinawaka. Nataka pesa ya altaneta, flasha na betri, na nyaya zirudishwe kwa rangi zake. Wameanza kutopokea simu.

Anayemjua fundi wa Malindi, Watamu, Kilifi au hata Mombasa, anayesoma ramani ya nyaya na mwenye mita yake mwenyewe, anitajie hapa. Gari nitaileta kwa brekidauni, maana kuiendesha hivi ilivyo sithubutu.