Mjadala: Je, noti “chafu” katika muziki wa Scarlatti zisahihishwe?

Mtoa mada: Sonata (vipande vya muziki) za kinanda za Domenico Scarlatti, mtunzi Mwitaliano wa karne ya 18, ambazo mpiga hapsikodi Ralph Kirkpatrick alizihesabu kuwa 555 mwaka 1953, zimetufikia kwa mikono ya wanakili, si kwa mwandiko wa mtunzi. Kwa hiyo naona Alessandro Longo, aliyezihariri mwanzoni mwa karne ya 20, alitenda haki alipobadilisha noti zilizokiuka kanuni za harmonia, yaani upatano wa noti zinazolia pamoja. Mwanakili akiteleza, kwa nini mpigaji wa leo aurithi mtelezo huo?

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, mtelezo wa kalamu hutokea mara moja ukapita. Katika sonata K. 119 (namba ya orodha ya Kirkpatrick), noti zinazogongana zinarundikwa mkononi, pigo baada ya pigo, katika nusu ya kwanza, kisha rundo hilohilo linarudi katika nusu ya pili. Mwanakili gani huyo anayekosea kwa mpangilio? Isitoshe, jambo hili lilikuwa na jina na mafundisho yake: mwalimu wa muziki Francesco Gasparini, katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1708, alikwisha kuwafundisha wapigaji kuchomeka noti ngeni ndani ya harmonia, yaani achakatura. Sababu yake imo ndani ya chombo chenyewe. Uzi wa hapsikodi, kinanda cha zama za Scarlatti, hudonolewa, haugongwi kwa nyundo kama wa piano, hivyo ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ni karibu ileile, na anayetaka mshindo hana budi kuongeza idadi ya noti. Longo, kwa masikio yaliyozoea piano, aliona uchafu mahali ambapo mtunzi alikuwa akipandisha sauti. (Wapo wanaosikia humo gitaa la Kihispania; huenda, maana Scarlatti aliishi Hispania tangu 1729 hadi kufa kwake mwaka 1757, ila hoja yangu haitegemei hilo.)

Mtoa mada: Nakubali kuhusu K. 119. Lakini zipo sehemu ambazo nakala mbili kuu za wanakili, ile iliyohifadhiwa Venice na ile ya Parma, hazisemi jambo moja, na hapo mhariri lazima achague. Na anayepiga kwa piano, ambayo mshindo anao tayari, afanyeje na rundo hilo?

Mchangiaji: Nakala zikitofautiana, achague, mradi atuonyeshe zote mbili. Mpiga piano naye apunguze uzito kwa vidole vyake. Noti aziache zilipo kwenye karatasi.