Ametekwa vitani mara mbili, kwa nini du Guesclin kalazwa na wafalme?

Baba Zuhura:
Wakuu, salaam. Jumamosi nilimpeleka binti yangu Basilika ya Saint-Denis, walikozikwa wafalme wa Ufaransa. Karibu na Charles V kuna sanamu ya mtu amelala, mfupi, uso mpana, kavaa deraya. Mtoto akauliza, "Huyu mfalme gani?" Kumbe si mfalme, ni Bertrand du Guesclin. Usiku nikasoma habari zake: ametekwa Auray 1364, akatekwa tena Nájera 1367. Kwa lipi hasa akapewa heshima hiyo?

Mwalimu Mstaafu:
Baba Zuhura, huyu nilikuwa nikimfundisha hata kama hayumo kwenye mtihani. Ni kabaila mdogo wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kazaliwa karibu na Dinan yapata 1320. Mshairi Cuvelier anasema toka Rennes mpaka Dinan hapakuwa na mtoto mwenye sura mbaya kama yeye. Vita alijifunzia vichakani: kuvizia, kuhujumu ngome, kutoweka.

Sasa kumbuka mabwana wa Ufaransa walivyozoea kupigana na Waingereza katika Vita vya Miaka Mia. Crécy 1346 walirusha farasi wao kwenye mishale ya Waingereza wakateketea. Poitiers 1356 akatekwa mpaka mfalme Jean. Huko Nájera, Hispania, du Guesclin alishauri wasipigane uwanjani, Enrique wa Castilla, aliyekuwa akimpigania kiti cha ufalme, hakusikia, na matokeo umeyasoma.

Charles V alimwelewa. Tarehe 2 Oktoba 1370 akampa cheo cha Connétable, jemadari mkuu, ndugu wa mfalme wawe chini yake. Froissart, mwandishi wa historia wa zama hizo, anasimulia kwamba du Guesclin alisita: mtu wa ukoo mdogo atawaamuruje watoto wa wafalme? Alipokubali, njia ikawa moja. Adui mkubwa akipita, mwache apite, mfuate nyuma, mnyime chakula. Mwaka 1373 John of Gaunt, mwana wa mfalme wa Uingereza, alitoka Calais na jeshi kubwa, akakata nchi yote mpaka Bordeaux bila kupata wa kupigana naye. Farasi wakamfia njiani kwa maelfu. Lakini nafasi ikipatikana, anapiga: Pontvallain, Desemba 1370, alitembeza watu usiku kucha akawakuta Waingereza hawajajipanga. Alipofariki, Waingereza walikuwa wamebaki na bandari chache tu, kama Calais na Bordeaux.

Mkazi wa Rennes:
Shikamoo mwalimu. Huku Bretagne wapo wanaomwita msaliti. Mwaka 1373 aliingia kwao na jeshi la mfalme, mtawala wao Jean IV akakimbilia Uingereza. Wenyeji wengine hawajamsamehe.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Wana haki ya kuumia, sitawabishia. Ila huyo Mbretoni mwenyewe aliomba azikwe kwao Dinan. Alifariki tarehe 13 Julai 1380 akiwa ameizingira Châteauneuf-de-Randon, kusini kabisa, na joto la Julai halikungoja. Matumbo yakazikwa Le Puy. Walipofika Montferrand ikabidi mwili uchemshwe, nyama ikazikwa hapo. Mifupa mfalme akaitaka Saint-Denis, karibu na kaburi alilojitayarishia mwenyewe. Miezi miwili baadaye naye akafuata. Dinan ulifika moyo tu.

Baba Zuhura:
Nimemsomea Zuhura yote. Anataka kujua moyo huo uko wapi sasa.

Mkazi wa Rennes:
Basilika ya Saint-Sauveur, Dinan, nyuma ya jiwe lenye maandishi. Mkija niambieni, nitawapeleka.