Tupeane uzoefu: mafua makali na kubanwa kifua ukiwa mjamzito

Mwanzisha uzi
Wapendwa habari za jioni. Wifi yangu ana mimba ya miezi sita, leo kanipigia simu anakohoa hadi maneno yanakatika, namuuliza hospitali umeenda, ananijibu "dada ni mafua tu". Nimeishiwa nguvu kabisa, kwa sababu mimi nilisema hivyohivyo Julai 2021 nikiwa na wiki 31. Kaka nimemtumia hela ya bajaji wanaenda sasa hivi, mimi nafunga duka niwafuate. Naombeni tupeane uzoefu, naanza mimi.

Yangu ilianza Jumatatu na makamasi, Jumatano homa, Alhamisi mama mkwe akaniandalia nyungu ya mchaichai na mikaratusi nikajifunika blanketi, alifanya kwa upendo simlaumu hata kidogo, ila nilitoka pale kizunguzungu nusu nianguke. Usiku kulala ikashindikana, chali nabanwa, ubavu nabanwa, nikakesha kwenye kiti cha plastiki nimeinamia meza. Asubuhi hospitali nesi akanibana kidoleni ile mashine ya kupima oksijeni kwenye damu, ikasoma 89. Nikajua niko vizuri, si iko karibu na mia? Nesi hakunijibu kitu, akashika kiti cha magurudumu akanisukuma mwenyewe mbiombio.

Baadaye ndo naelezwa kwamba mjamzito wanataka isome 95 kwenda juu. Daktari akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki, mfuko wa uzazi ukikua unasukuma mapafu kwa chini, nafasi inapungua, huku mwili unahitaji oksijeni kuliko kawaida, moyo unafanya kazi zaidi na kinga nayo inabadilika, kwa hiyo kirusi kilekile ambacho mumeo anakohoa siku tatu anapona, wewe kinaweza kukufikisha kwenye nimonia. Ilikuwa corona. Nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nikajifungua wiki ya 33, kilo 1.7, tukakaa kangaruu wiki tatu namfunga kifuani usiku na mchana. Chanjo ilizinduliwa Tanzania tarehe 28 mwezi huohuo, mimi niko wodini.

Mama Njiti
Pole sana. Mimi niko Mombasa, yangu haikuwa corona, ilikuwa influenza, yaani flu, ile homa kali ya mafua. Mimba miezi mitano na nusu, joto 39, mwili wote wauma mpaka nywele. Nikaenda duka la dawa, kijana akanipa ibuprofen bila kuniuliza kama nina mimba, na dera lilikuwa pana haonekani kitu. Nimekunywa siku mbili. Daktari aliponipima aliniambia niache hapo hapo, kuanzia wiki ya 20 dawa za aina hiyo zaweza kuumiza figo za mtoto na maji yakapungua tumboni. Nimekuja kujua hata FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa onyo hilo Oktoba 2020. Nikapewa paracetamol, nikapimwa na malaria pia kwa sababu homa ya huku kwetu huwezi kuikisia. Shoga zangu, ukifika dukani anza na neno "nina mimba" kabla hujasema waumwa na nini.

Niko Ohio
Huku Marekani kila mjamzito anaulizwa chanjo ya flu kuanzia Septemba. Mimba ya kwanza nilikataa, niliogopa itamdhuru mtoto. Januari ikanishika. Nilipiga simu kliniki siku ileile wakaniandikia oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi cha flu, wakasema inafanya kazi vizuri ukiwahi ndani ya siku mbili, nikapona nyumbani. Mimba ya pili nikachoma, mkono uliuma siku moja basi. Kilichonibadilisha ni nesi kuniambia mtoto hachanjwi flu mpaka afikishe miezi 6, kwa hiyo kinga anayozaliwa nayo ni ile anayoichukua kwako tumboni. Na chanjo yenyewe ya sindano haina kirusi hai. Najua huko nyumbani si kila kituo wanayo, ila ukiweza kuulizia ulizia.

Baba wa Mmoja
Mimi mwanaume naomba niandike. 2021 mke wangu alikuwa na wiki 35, corona, kikohozi alikuwa nacho cha kawaida tu na hakubanwa kifua, sote tukawa tunaangalia kifua chake. Siku ya tano aliniambia mtoto hajacheza tangu jana, nikamwambia pumzika labda kalala. Tulipofika mapigo hayakusikika. Daktari alisema ugonjwa ule unaweza kuathiri kondo la nyuma hata mama akiwa anaonekana mzima. Mke akiugua muulizeni mtoto anacheza? Asubuhi na jioni. Akisema amepungua, msingoje kukuche.

Mkunga mstaafu
Baba pole, Mungu akufariji, na usijibebeshe lawama ya jambo ambalo hukuambiwa. Nataka niseme kwa wanaosoma na hofu, wajawazito wengi wakipata mafua wanapona salama. Ila mwaka 2009 kwenye H1N1, ile homa ya mafua ya nguruwe, kule Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini kwenye vifo walikuwa kama asilimia 5, ndo maana sisi tukiona mjamzito anahema haraka hatumwachi kwenye foleni. Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, kifua kikauma, homa haishuki hata ukinywa paracetamol, au mtoto akapunguza kucheza, ni hospitali, usiku au mchana. Na mimba changa homa kali nayo si ya kuvumilia, ishusheni mapema.

Mwanzisha uzi
Nimefika. Mashine imesoma 93, wamemlaza, wamemwekea oksijeni, x-ray wamesema watamkinga tumbo. Nimemuuliza mtoto anacheza, kashika mkono wangu akauweka tumboni. Anacheza. Endeleeni kuandika, nasoma nikiwa hapa kwenye benchi.