Mjadala: Bila pesa za kamari, farasi wa mbio atalishwa na nani?

Saisi wa Pwani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, mwaka wa sita sasa niko Uingereza, nafanya kazi ya usaisi, yaani kuhudumia farasi, kwenye banda la farasi wa mbio. Nimeleta hoja hii kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani naulizwa swali lile lile: mshahara wako unatoka wapi? Nikisema ukweli, upande wa pili wananyamaza. Unatoka kwa watu walioliwa kamari.

Naeleza. Kumweka farasi bandani kwa mwaka, farasi wa kawaida tu, hakupungui pauni 20,000. Kuna chakula, matandiko, viatu vya chuma, daktari, usafiri na ada ya mkufunzi. Wiki iliyopita nilipeleka jike mmoja kwenye mbio za daraja la chini kabisa. Nilianza kumsugua alfajiri, nikamsuka nywele za shingo, nikamzungusha mbele ya watu huku ananitia pua mfukoni akitafuta karoti. Akashinda! Nililia, sioni haya kusema. Zawadi ya mshindi ilikuwa pauni 3,000 na ushei, na kabla mwenye farasi hajagusa kitu, mpanda farasi, mkufunzi na sisi wa bandani tuna fungu letu. Hata akishinda mara tano kwa mwaka, hajarudisha gharama zake. Na farasi wengi mwaka unapita hawajashinda hata mara moja.

Sasa hiyo zawadi nani anaiweka mezani? Wenye farasi wanachanga kwa ada za kuandikisha, wadhamini wanatia chao, uwanja unatia chake. Lakini nguzo ni tozo. Mwaka 1961, mwaka ule ule maduka ya kubeti yaliporuhusiwa, sheria iliunda bodi ya kukusanya tozo ya farasi. Leo kampuni inayopokea dau za mbio za hapa inatoa asilimia 10 ya faida yake ghafi, ikishavuka pauni 500,000. Kwa mwaka zinapatikana zaidi ya pauni milioni 100. Juu ya hapo kampuni hizo zinalipa viwanja ili zionyeshe mbio madukani na mtandaoni. Faida ghafi maana yake ni dau zote, ukitoa walizolipwa walioshinda. Kwa lugha yetu: mikeka iliyochanika.

Mnaweza kupima utegemezi huo kwa siku moja tu. Tarehe 10 Septemba 2025 mbio za hapa ziligoma. Carlisle, Uttoxeter, Lingfield na Kempton, hakuna farasi aliyekimbia. Serikali ilitaka kuunganisha kodi za kamari ya mtandaoni, na ikahofiwa ile ya kubeti farasi itapanda kutoka asilimia 15 hadi 21. Watu wa farasi waliandamana ili kodi ya kampuni za kubeti isipande! Mwezi wa Novemba bajeti ilipandisha kodi ya kubeti mtandaoni kufika asilimia 25 kuanzia Aprili 2027, ila farasi wa hapa wakaachwa kwenye 15. Bandani tulishangilia. Usiku sikulala vizuri.

Swali langu kwenu: je, ni halali mchezo huu kuishi hivi? Na kama si halali, tufanyeje na wanyama na watu walio ndani yake? Karibuni.

Dada wa Tandika

Kaka, pole na kazi na baridi ya huko. Mimi nitasema bila kuzunguka. Mdogo wangu aliuza bodaboda iliyokuwa ikimlisha mama yetu. Hakuibiwa wala hakupata ajali, ilikwenda na mikeka, kidogo kidogo, mpaka siku tumeona uwanja wa nyuma mtupu na alama ya mafuta tu pale alipokuwa akiiegesha. Kwa hiyo ukiniambia kuna mchezo ambao mtu akiliwa zaidi ndipo farasi anakula zaidi, mimi nasema ufe. Farasi ni wa watu wenye nacho. Kama tajiri anapenda farasi, amlishe kwa pesa yake. Mpira wetu wa mtaani unachezwa kwa jezi za kuchangishana, hakuna aliyeuziwa bodaboda ili timu ipate maji.

Bint Muskat

Assalaam alaykum. Nakuungeni mkono, dada, lakini mchezo hauna haja ya kufa. Huku kwetu Ghuba farasi wanakimbia bila kamari. Dubai World Cup ilianza 1996, zawadi ya mbio kuu peke yake sasa ni dola milioni 12, na uwanjani Meydan hakuna dirisha la kubeti. Saudia wameanzisha yao 2020 kwa dola milioni 20. Pesa inatoka kwa watawala na wadhamini.

Na hili si geni kwenye dini. Amepokea Ibn Umar kuwa Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi waliofunzwa kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, sehemu za Madina. Zawadi ya mashindano imeruhusiwa kwa farasi, ngamia na mishale. Wanazuoni wameeleza kuwa zawadi ikitolewa na mtu aliye nje ya shindano, haina tabu. Tabu inaingia pale kila mshindani anapoweka chake ili mmoja abebe vyote. Kwa hiyo mlango upo, kaka, ni watu wa huko tu hawataki kuupita.

Mwana Jamhuri

Habari zenu. Mimi ni wa Nairobi, nimekulia karibu na uwanja wa farasi wa Ngong Road. Tukiwa watoto tulikuwa tunakwenda Jumapili, tunasimama kwenye uzio wanapozungushwa farasi kabla ya mbio, halafu tunakimbilia mstari wa mwisho. Ukisimama pale ardhi inatetemeka kwanza, sauti ya kwato inafuata.

Nataka mjue kitu ambacho mleta mada hajagusa. Mtaani kwetu kuna duka la kubeti, na kwenye skrini farasi wanakimbia kutwa. Lakini si farasi. Ni wa kompyuta. Hawali nyasi, hawana saisi, hawaumii mguu, kila baada ya dakika chache mbio mpya. Vijana wanaliwa pale pale kama kawaida, na hakuna hata shilingi inayofika kwa mnyama. Tangu Julai 2025 serikali yetu inatoza ushuru wa asilimia 5 kwenye pesa mtu anazoweka kubeti, na huo unaingia hazina kuu. Kwa hivyo, dada wa Tandika, ukiua mbio za kweli hujaua kamari. Umeua farasi tu.

Singapore wametuonyesha. Klabu yao ya mbio ilianzishwa 1842. Serikali ilitaka ardhi ya uwanja wao wa Kranji, zaidi ya hekta 120, ijenge makazi, na tarehe 5 Oktoba 2024 wakakimbia mara ya mwisho. Kubeti farasi je? Kunaendelea kihalali, kwa mbio za nchi nyingine.

Mtu wa Shela

Hapa Lamu punda wanakimbia siku ya tamasha, ufukoni, bila tandiko, na wapandaji ni vijana wale wale wanaobeba nao mawe na mchanga siku zote. Zawadi inatolewa na waandaaji. Mji mzima unatoka. Lakini nakubali, kesho yake punda anarudi kazini, anajilisha mwenyewe. Farasi wa mbio hana kazi nyingine.

Dada wa Tandika

Mwana Jamhuri, hoja ya kompyuta nimeipokea, sikuijua. Lakini bado hamjajibu la kwangu. Kaka saisi, wewe binafsi: mshahara wako ukipungua ili watu waliwe kidogo, utakubali?

Saisi wa Pwani (mleta mada)

Nimesoma yote mara mbili. Bint Muskat, naheshimu sana ulichosema, na mama yangu angekuunga mkono neno kwa neno. Ila niwaambie ninachokiona huku. Marehemu Sheikh Hamdan bin Rashid wa Dubai alikuwa na farasi wengi mno hapa kupitia shamba lake la Shadwell. Alifariki Machi 2021, na familia ikapunguza sana, farasi kwa makumi wakapelekwa mnadani. Sisemi walikosea, mali ni yao. Nasema tu kwamba mtu mmoja alifumba macho na mabanda mengi yakapoteza farasi. Tena mbio za Meydan ambazo hazina dirisha la kubeti, watu wa London na Hong Kong wanazibetia saa hiyo hiyo.

Dada yangu, swali lako. Ndiyo, nitakubali, na nisikilize kwa nini nasema hivyo.

Kuna njia mbili za kubeti farasi. Ya kwanza ni hii ya hapa: unashindana na kampuni. Ukiliwa, imepata. Ukishinda sana, inakupunguzia kiwango cha dau unachoruhusiwa, nimewaona watu wakifanyiwa hivyo. Ya pili waliianzisha Paris kwenye miaka ya 1860, mtu aitwaye Joseph Oller. Dau zote zinaingia kapu moja, kinakatwa kiasi kilichowekwa, kinachobaki wanagawana waliopatia. Mwenye kapu hajali nani kashinda, maana makato yake ni yale yale. Mwaka 1891 Wafaransa walipiga marufuku kampuni za kushindana na mchezaji, wakabakiza kapu. Shirika lao la PMU, lililoanza 1930, ni la vyama vya mbio vyenyewe, na faida yake inarudi kwa farasi. Ndiyo maana Ufaransa zawadi za mbio ndogo ni nene kuliko za hapa, na wakufunzi wa Uingereza wanavuka bahari kuzifuata.

Hata hapa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, tozo ilikuwa inahesabiwa kwenye dau, si kwenye faida. Wakabadilisha, sasa mtu akiliwa zaidi nasi tunapata zaidi. Toka hapo mimi na kampuni tuko upande mmoja wa meza na mdogo wako yuko upande wa pili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo kwamba kuna mtu kaweka pauni mbili kwa farasi anayempenda.

Warudishe tozo kwenye dau, hata kwa kiwango kidogo. Waitoze pia kwa farasi wa kompyuta, wanaotumia umbo la mnyama bila kumlipa. Na kama kwa hesabu hiyo zawadi zitapungua na mbio zikawa chache, basi farasi wazaliwe wachache. Wanazaliwa wengi kuliko nafasi zilizopo, nawapokea kila masika nikijua baadhi hawatafika miaka minne bandani kwetu.

Nakatisha hapo. Saa kumi na moja alfajiri nina yule jike wa kutoa mazoezini. Bint Muskat, nijibu hili la Shadwell ukipata nafasi. Nikirudi nitasoma.