Msaada: apt imekwama, mashini ya farmasi Birere

Mwana_Birere: Ndugu zangu, nimekwama. Mashini ya stoo ya farmasi, inatumia Debian (aina ya Linux). Nimepiga apt upgrade kusasisha programu, kifurushi chetu cha stoo kikagoma: "usermod: user 'stoo' does not exist in /etc/passwd", yaani akaunti ya stoo haimo kwenye faili la akaunti. Nimezima na kuwasha mara 3. Kesho asubuhi wateja wako mlangoni. Nifute niinstoli upya?

Papa_Himbi: Bakapu unayo? Vijana nyinyi! Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka nilikimbilia Sake na diski yangu ndani ya sufuria. Watoto wanafungua wakidhani fufu.

Kadutu_Boy: Hamia Windows 😂

Yaya_Katindo: Kaka, uligusa nini kabla?

Mwana_Birere: Sikugusa kitu, yaya.

Yaya_Katindo: Piga `grep stoo /etc/passwd` (inatafuta ndani ya faili), halafu `getent passwd stoo` (inauliza mfumo).

Mwana_Birere: Grep kimya. Getent inamleta, namba ya akaunti 112.

Kadutu_Boy: Uongo huo! Hayumo daftarini halafu akiitwa anaitika? Huyu anatunga, tusipoteze megabaiti.

Papa_Himbi: Hata mimi nilishangaa. Farmasi gani Birere ina Debian?

Mwana_Birere: Situngi! Haya, jana nilifuta mstari wa stoo kwenye /etc/passwd kwa vi, ile ya kuhariri faili. Ulikuwa na kosa, nikataka kifurushi kiunde mwingine. Si kosa hilo. Na flashi ya kuinstoli iko tayari, bosi amekubali.

Yaya_Katindo: Bosi angoje. Nscd, ile ya kukariri akaunti, ipo? Soma /etc/nscd.conf.

Mwana_Birere: Ipo. Aliyenitangulia aliweka "check-files passwd no", na muda sekunde 86400.

Yaya_Katindo: Ndiyo hiyo. Nscd inakariri akaunti siku nzima bila kuchungulia faili, na akiba yake iko kwenye diski, kwa hiyo kuzima mashini hakuifuti. Kifurushi kinauliza, kinajibiwa "stoo yupo", hakimuundi. Usermod inasoma faili lenyewe, inamkosa. Userdel, amri ya kufuta akaunti, ingeiambia nscd isahau. Vi haimwambii mtu. Piga `nscd -i passwd` isahau, kisha `dpkg --configure -a` vifurushi vimalizie.

Kadutu_Boy: Basi nimenyamaza.

Mwana_Birere: Imepita! Asante yaya. Ila stoo mpya amepewa 113. Kifurushi kingine kilichokuwa foleni kimenyakua 112, na mafaili yanashika namba, si jina, kwa hiyo yote ya dawa sasa yanaonyesha ni yake.

Yaya_Katindo: Usifungue programu. Bado upo hapo?