Naomba ushauri: mgonjwa aambiwe kwamba eksirei yake imesomwa na akili mnemba?

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni tabibu kwenye hospitali ya wilaya, Tanzania. Tumeletewa programu ya akili mnemba inayosoma eksirei za kifua na kutoa alama ya uwezekano wa TB. Kazi hiyo siipingi. Shirika la Afya Duniani limeikubali tangu 2021 kwa wenye miaka 15 na zaidi, na sisi hatuna daktari wa radiolojia.

Kinachonisumbua ni kwamba mgonjwa haambiwi. Picha inapandishwa mtandaoni na jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini fomu yetu ya ridhaa haijaitaja programu hiyo popote.

Halafu kuna wazee waliowahi kuugua TB. Makovu ya zamani yanaweza kupandisha alama. Mimi nataka makohozi yapimwe kwanza kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Mwenzangu anataka dawa zianze papo hapo. Hapo nimegoma kabisa.

Mlio na mfumo huu, ridhaa mnaichukua kwa mdomo au maandishi? Na mashine ikikosea, anawajibika nani: mimi niliyesaini au aliyeileta?