Mjadala: Ushetani usio na Shetani wa kuabudiwa ni dini, au ni jina tu?

Mfungua Baraza

Wapo watu wanaojiita Washetani na hawaamini kwamba Shetani yupo. Hawamuombi, hawamchinjii, hawamuogopi. Kwao ni alama ya mpinzani, yule anayeuliza "kwa nini" mbele ya mkubwa, na kwa Kiebrania neno lenyewe lina maana hiyo hiyo: mpinzani, mshitaki.

Kwa ufupi: Anton LaVey alianzisha Kanisa la Shetani San Francisco tarehe 30 Aprili 1966, akatoa kitabu chake, Biblia ya Kishetani, 1969, akafa 1997. Mwaka 1975 Michael Aquino alijitoa kwa sababu yeye aliona kuna kiumbe wa kweli upande wa pili, akaunda Hekalu la Set (Set ni mungu wa Misri ya kale). Mwaka 2013 likatokea Hekalu la Kishetani, makao yake Salem, Massachusetts, lenye kanuni saba, na 2019 mamlaka ya kodi ya Marekani ikalitambua kuwa kanisa. Kanisa la LaVey na Hekalu la Salem hawapikiki chungu kimoja. Kanisa la LaVey linasema wa Salem si Washetani.

Suali langu si la makanisa hayo. Mtu mmoja, Unguja au Pemba, si mwanachama wa popote, akizichukua fikra hizi akazipima kwa akili yake na akaishi nazo, huyo ana dini au ana msimamo tu? Astaghfirullah peke yake haihesabiwi kuwa jawabu.

Mwalimu wa Chuoni

Astaghfirullah kwanza, hoja baadaye.

Katika neno "dini" sikupingi. Sura ya 109 imewaambia makafiri kwamba wao wana dini yao na sisi tuna yetu. Wakati huo walikuwa wakiabudu masanamu, na bado neno limetumika. Kwa hivyo anayesema "hiyo si dini" anajifungia mlango ambao Qur'ani imeuacha wazi. Ni dini, na ni batili. Hayo mambo mawili tusiyachanganye.

Tabu yangu iko kwenye "akili". Wanavyuoni wa zamani wamesema wa mwanzo kufanya kiasi, yaani kulipima jambo kwa jengine ili kutoa hukumu, alikuwa Iblis. Kiasi kina nguzo nne: asili, tawi, sababu inayoyaunganisha, na hukumu. Iblis (Al-A'raf, aya ya 12) alisema yeye ni bora kwa kuwa kaumbwa kwa moto na Adam kwa udongo. Ilipovunjika hoja yake ni pahala pawili. La kwanza, nani kamwambia moto ni bora? Udongo unaotesha, unashika maji, unajengewa. Moto ukiachwa peke yake unateketeza. Kaweka sababu isiyo na dalili. La pili, kafanya kiasi pahala ambapo amri imeshashuka, na kiasi hakisimami mbele ya nassi, yaani andiko lililo wazi. Basi mtu anayetaka alama ya akili, viumbe vyote hivi, akaenda kumchagua yule ambaye hoja yake ya kwanza ilikuwa mbovu?

Mpiga Hoja

Ustadh, la kwanza nalikubali lote, na nadhani hata wao wangelikubali. Kanuni ya tano ya Salem inataka itikadi za mtu zifuate ufahamu bora wa kisayansi uliopo, na zisipindishe sayansi ili zikubalike. Ya sita inasema binadamu hukosea, na ukikosea jitahidi kurekebisha. Kwa kanuni hizo mbili Iblis kafeli mtihani, tena hakurekebisha. Wao hawasomi kisa kama dalili. Wanachukua kitendo kimoja tu, cha kukataa, na mengine wanayaacha. La pili ndilo hatutokubaliana, maana wao hawana nassi.

Sasa huyu wa peke yake, kazi yake ni kuchuja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanapokea kila kilichoandikwa, halafu wanajiita watu wa akili. Chukua orodha za LaVey: kauli tisa, kanuni kumi na moja, dhambi tisa, na dhambi ya kwanza ni upumbavu. Kila moja iulizwe: hii inadai kitu kilichopo duniani, au inaelekeza tabia? Kama ni dai, kitu gani kikitokea kitaonyesha ni uongo? Kama ni tabia, nani ataumia?

Yanayobaki ni kama haya: usimdhuru mtoto, usiue mnyama ila kwa chakula au kujikinga, usimpe mtu ushauri hakukuomba (hii ya tatu mtaani kwetu ingekuwa mapinduzi ya pili). Yanayoanguka ni mawili. Moja ni kanuni inayosema mtu akikusumbua mwambie aache, asipoacha muangamize. Hiyo haisimami na kanuni ya kwanza ya Salem, ya huruma kwa viumbe wote kwa kadiri ya akili. Jengine ni uchawi. LaVey anamwambia mfuasi aukiri uwezo wa uchawi kama umemfanyia kazi, akiukana baada ya kufaulu atapoteza alichokipata. Huo ni mtego: ukifaulu unahesabu, usipofaulu husemi. Mara kumi zikipita na moja ikalenga, daftari lina moja tu. Mwenye kupima kwa akili lazima aandike na zile tisa, na akishaziandika uchawi umekwisha.

Mpemba wa Konde

Nyinyi wa Unguja mnazungumza kama kwamba neno "shetani" halina wenyewe.

Huku sheitani si Iblis peke yake. Kuna masheitani ya ruhani, Waislamu wa Kiarabu, wanataka udi, marashi na nguo nyeupe. Kuna kibuki, wa Bukini (Madagaska), Wakristo, wanataka brandi. Kuna habeshia wa Uhabeshi. Kuna rubamba, wa hapa hapa Pemba. Kila mmoja ana jina, kabila, dini, na anachokidai. Akimpanda mtu kichwani fundi, yaani mganga wake, humuuliza: nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Anasema, mnaafikiana, anatimiziwa, ananyamaza hadi siku nyengine. Hayo ni makubaliano ya pande mbili. Muislamu mwenye kibuki kichwani hajawa Mkristo, na brandi si yake, ni ya mgeni wake.

Huyo wenu wa Marekani upande wa pili hana mtu. Kaweka kiti, mgeni hayupo, na anajua hayupo. Mimi hilo silifahamu. Kama hakuna wa kuzungumza naye, kwa nini usimuite kitu chengine?

Mwalimu wa Chuoni

Ahsante. Na mie naongeza: wakifanya ibada zao wanapiga kengele mara tisa. Nani anaisikia?

Mpiga Hoja

Aliye chumbani. LaVey mwenyewe alikiita chumba cha ibada pahala pa kuiacha akili ya mabishano mlangoni kwa muda, makusudi, na kuichukua tena ukitoka. Kengele ya mara tisa, huku mpigaji anazunguka kinyume cha saa, inatenga muda wa ibada na muda wa kawaida. Mishumaa ni meusi, na mmoja mweupe. Majina manne yanaelekezwa pande nne: Shetani kusini, Lusifa mashariki, Beliali kaskazini, Leviathani magharibi. Shughuli zenyewe ni za aina tatu: ya matamanio, ya huruma, na ya kuangamiza, yaani kuitoa hasira iishe.

Kinachoharibika mara nyingi ni pale mtu anapotoka mlangoni akasahau kuichukua akili yake. Alifanya ya kuangamiza Ijumaa, Jumatatu hasimu wake akaanguka baiskeli, basi kashaamini. Ndiyo maana baadhi ya wenye msimamo wa peke yake wanaiacha ibada kabisa, au wanabakisha siku moja tu. Kwa LaVey sikukuu kubwa ya mtu ni siku yake ya kuzaliwa. Hiyo haihitaji hata mshumaa.

Mpemba, suali lako la jina ndilo gumu kuliko yote. Jawabu lao ni kwamba jina linachoma, na kuchoma ni sehemu ya kazi: wale wanaoonewa kwa kuitwa mashetani nao wapate kusimama. Mimi naliona dhaifu likihamishwa. Salem watu walinyongwa 1692 kwa tuhuma za uchawi, mji una kumbukumbu hiyo, jina pale linajibu kitu. Likishuka bandarini Malindi, hapa Unguja, linajibu nini?

Mpemba wa Konde

Linajibu fimbo. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, sheitani anayesemwa kuvamia watu usiku, ulianzia huku Pemba, ukavuka Unguja, watu wakalala nje kwa makundi moto umewashwa, na mtu mmoja asiye na akili timamu akauliwa na umma kwa kudhaniwa ndiye. Hakuulizwa kama anaamini kiishara.

Mpiga Hoja

Na si sisi tu. Marekani miaka ya 1980 walimu wa skuli moja ya watoto wadogo California walituhumiwa ibada za kishetani. Mambo yalianza 1983, yakamalizika 1990 bila ya mtu kutiwa hatiani. Kenya nako Rais Moi aliunda tume 1994 chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani. Mambo haya yanakwenda mbio kuliko dalili.

Mtu wa Sheria

Nimewaacha mzungumze, sasa tuangalie karatasi.

Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 19, na ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 19, zote zinampa mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini, pamoja na kubadilisha. Ya Muungano inaongeza kwamba neno "dini" linachukua na madhehebu. Hakuna msajili wa imani. Aliye peke yake chumbani hana pa kupeleka fomu na hatakiwi kupeleka.

Lakini kuamini na kutangaza ni ngazi mbili. Kutangaza kunabanwa na sheria za amani na usalama wa jamii, na ibara ya 30 inaruhusu mipaka hiyo. Kutukana dini ya watu ni kosa. Wakiwa kundi na wakataka jumuiya yenye jina hilo, wataingia kwa mrajis, yaani msajili wa jumuiya, na hapo sioni wakitoka na cheti. Kwa hivyo Mfungua Baraza, suali lako kisheria lina jawabu fupi: moyoni ni dini yake, barabarani ni kesi yake.

Penye uzito ni nyumbani. Kama kazaliwa Muislamu na imejulikana katoka, mambo ya ndoa na mirathi yanakwenda Mahakama ya Kadhi. Katika fikhi ndoa ya aliyeritadi, yaani aliyetoka katika Uislamu, haisimami, na mwenye kuritadi harithi kwa Muislamu. Hakuna kanuni kati ya zile saba inayomrudishia fungu lake la shamba la mikarafuu. Wanaoandika mambo haya Ulaya na Marekani hawaligusi, kwa sababu kwao mtu anarithi kwa wosia au kwa sheria ya nchi, na dini yake haiulizwi.

Mfungua Baraza

Na akifa?

Mwalimu wa Chuoni

Kama kaficha, ataoshwa, atakafiniwa, atasaliwa, atazikwa na mtaa mzima, kwani sisi tunahukumu kwa dhahiri. Kama alidhihirisha na akafa hakurejea, haswaliwi wala hazikwi makaburi ya Waislamu. Jamaa zake watamfukia kwa heshima ya mwanaadamu, basi.

Mpemba wa Konde

Wao wanazikanaje?

Mpiga Hoja

Hakuna ya lazima. LaVey walimchoma.

Mpemba wa Konde

Kwa moto. Haya.

Mwalimu wa Chuoni

Nilisema mie, udongo ni bora.